Pima Wiki Yako Mbaya Kwanza, Mtaala Baadaye: Kufundisha Watoto Nyumbani Nairobi

Mtaani kwetu Kahawa West maji hufunguliwa Jumatano na Jumamosi. Siku hizo kila mwenye mikono ana kazi: mitungi ijazwe, nguo zifuliwe, tangi lisimamiwe kabla mfereji haujakauka. Mwaka nilioanza kuwafundisha wanangu nyumbani, ratiba niliyoibandika ukutani ilisema Jumatano saa tatu asubuhi ni Hisabati. Majuma manane yalipita na Hisabati ya Jumatano haikufanyika hata mara moja. Kila Jumatano usiku nililala nikijiona mama aliyeshindwa, na kifungua mimba wangu, aliyekuwa na miaka saba, akaanza kuamini kwamba Hisabati ni kitu cha kuahirishwa.

Nilikosea mpangilio. Nilichagua mtaala kwanza, nikaupenda, nikaulipia, kisha nikaanza kuikunja familia ili itoshee ndani yake. Wazazi wanaoniuliza habari hizi huanzia palepale nilipoanzia: "Mnatumia mtaala gani?" Swali hilo lina nafasi yake, lakini yapo mawili ya kutangulia. Sheria inasema nini, na mtoto atatokea mlango gani siku ya kuondoka mezani pako? Na wiki yenu ikiharibika, huharibika vipi?

Nianze na sheria, maana hapa ndipo watu hupotoshana sana. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule bila kukosakosa, au taasisi nyingine iliyoidhinishwa na Waziri. Sebule yako haikutajwa. Wazazi waliokwenda Mahakama Kuu kutaka vifungu vya sheria hiyo vitangazwe kuwa vinakiuka Katiba hawakufaulu. Uamuzi ulitolewa mwaka 2021 na haukuwa upande wao. Kwa hiyo anayekwambia kwamba kusomesha nyumbani hapa Kenya kumeruhusiwa tu, bila masharti, anakutia hatarini. Familia nyingi ninazozijua jijini zimemsajili mtoto katika taasisi iliyosajiliwa, iwe shule ya mtandaoni au kituo cha masomo, na kazi ya kila siku inafanyiwa nyumbani chini ya taasisi hiyo. Ukifuata njia hiyo, omba uone cheti chao cha usajili cha Wizara ya Elimu kabla ya kutuma hata shilingi moja. Muulize wakili pia. Na ukiajiri mwalimu wa kuja nyumbani, mwombe nambari yake ya TSC, kwa sababu sheria ya Tume ya Huduma za Walimu inataka anayefundisha awe amesajiliwa.

Sasa mlango wa kutokea. Katika mtaala wa Umilisi, huu tuliouzoea kwa jina la CBC, mtoto huanza chekechea, PP1, akiwa na miaka minne, na kuingia Gredi ya 1 akiwa na sita. Miaka hii ya mwanzo inanyumbulika. Anayerudi shule katika Gredi ya 2 hupimwa kwa kile anachojua: anasoma, anaandika, anahesabu, anakaa na wenzake. Kuanzia Gredi ya 4 mambo yanabadilika, na wazazi wengi hawaoni yanapobadilikia. Tathmini ya KPSEA ya Gredi ya 6 haisimami peke yake. Alama zake ni asilimia 40. Asilimia 60 hutokana na tathmini zinazofanyiwa shuleni kuanzia Gredi ya 4, ambazo shule huziingiza katika mfumo wa Baraza la Mitihani, KNEC. Kisha KPSEA yenyewe hubeba asilimia 20 ya matokeo ya Gredi ya 9 yanayompeleka mtoto sekondari ya juu. Mtoto asiyekuwa chini ya shule yoyote katika Gredi ya 4 na ya 5 hana alama hizo, na hakuna mtu wa kumwandikia baadaye. Ndiyo maana nasema, kwa anayetaka mtoto abaki katika mfumo wa Kenya, miaka ya kufundisha nyumbani kwa uhuru ni ile ya kati ya minne na tisa. Ukifika tisa, uwe umeshaamua.

Kwa njia ya Cambridge, mtaala wa Uingereza, mlango uko mbele zaidi. Mtoto anaweza kusomea nyumbani miaka mingi na kufanya IGCSE, mtihani wake wa sekondari, kama mtahiniwa wa kujitegemea, kwa mfano kupitia British Council pale Upper Hill. Ada hulipwa kwa kila somo, na masomo ni mengi. Piga hesabu hiyo mapema, mtoto angali mdogo, kabla hujampenda mwalimu wa mtandaoni.

Hayo yakieleweka, njoo kwenye wiki.

Nilichukua daftari, nikaandika kwa majuma manne kilichotokea kila siku. Niliandika kilichotokea kweli, ratiba ya ukutani nikaiacha. Kati ya siku 20 za kazi, siku 11 tu ndizo tulizokaa mezani tulivyopanga. Siku nne zilikuwa za maji. Mbili mama mkwe wangu alikuja kutoka Kitui kwa kliniki ya shinikizo la damu, na mtu wa Kitui akija kliniki Nairobi hapangi foleni ya saa moja. Unaondoka naye alfajiri na kurudi jioni. Siku moja stima ilikatika, nayo cherehani yangu ni ya umeme na nguo za mteja zilitakiwa kesho yake. Mbili tulikuwa kwenye matanga.

Mimi ni fundi wa nguo, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni sare za shule. Desemba na Januari, wakati wazazi wenye watoto nyumbani wanafungua vitabu vipya kwa shauku, mimi nimezama kwenye sketi na kaptura mpaka saa sita usiku. Mwaka wa kwanza nilianza masomo Januari kwa sababu shule huanza Januari. Ni uamuzi ambao sikuufikiria hata dakika moja. Siku hizi mwaka wetu unaanza Februari, na Agosti shule zikifunga sisi tunaendelea.

Daftari lile lilinionyesha jambo ambalo ratiba ilikuwa imelificha: siku zilizoharibika hazikuwa ajali. Maji yatafunguliwa Jumatano ijayo. Mama atakuja tena mwezi ujao. Kuzika ndugu na kumpeleka mzazi hospitali ni wajibu, na mtu aliyelelewa vizuri hauachi kwa ajili ya ukurasa wa 42. Mtaala unaofaa nyumba yako ni ule usiovunjika siku nane au tisa kati ya ishirini zikienda kwingine. Kwa hiyo unapoupima, usiupime kwa ile Jumatatu tulivu ambayo mtoto mchanga amelala na sufuria iko jikoni inachemka yenyewe.

Kuna faraja katika hesabu ya saa. Kipindi cha shule katika Gredi ya 1 hadi ya 3 ni dakika 30, na vipindi ni kama sita kwa siku. Hizo ni saa tatu, na ndani yake mwalimu anagawa vitabu, anatuliza darasa, anasahihisha daftari za watoto arobaini au zaidi. Nyumbani, mbele ya mtoto mmoja, kwa maoni yangu saa moja na nusu ya kazi ya makini inamtosha wa miaka saba, na wa miaka mitano dakika arobaini zilizokatwa vipande vitatu. Zinazobaki acheze. Mzazi anayemkalisha mtoto wa Gredi ya 1 mezani kuanzia saa mbili hadi saa tisa anaigiza shule, na mtoto anachoka kabla ya kujifunza.

Baada ya hapo ndipo mtaala. Watu huilinganisha mitaala kwa bei, kwa dini, au kwa sifa ya nchi ilikotoka. Mimi naomba uongeze swali moja ambalo lingenisaidia sana: nani anaubeba mzigo? Kila mtaala una kazi ya lazima. Kazi hiyo huangukia mzazi, au huangukia kitabu, au huangukia mtoto mwenyewe, au huangukia mfuko. Haipotei.

CBC huangukia mzazi. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, imeweka miundo ya kila gredi kwenye tovuti yake, na yeyote anaweza kuipakua bila malipo. Gredi ya 1 hadi ya 3 zina maeneo saba: Kiswahili, Kiingereza, lugha ya kiasili, Hisabati, mazingira, dini, na shughuli za ubunifu. Ukiufungua muundo wa Kiswahili utaona mada, mada ndogo, matokeo maalum yanayotarajiwa, shughuli zinazopendekezwa na maswali dadisi. Ni kazi nzuri, imefikiriwa, na imeandikwa kwa mtoto wa hapa. Lakini huo ni muundo, haujawa somo. Mtu fulani lazima akae usiku ageuze "mwanafunzi aweze kutambua sauti lengwa" kuwa dakika ishirini za kesho asubuhi, na atafute vifuniko vya chupa, na akumbuke kuhifadhi kazi kwenye faili. Nyumbani kwangu mtu huyo ni mmoja. Miezi ya sare hayupo.

ACE, yaani Accelerated Christian Education, mtaala wa Kikristo, ni kinyume chake. Ulianzishwa Texas, Marekani, mwaka 1970, na makanisa mengi Nairobi yanaujua. Masomo yamekatwa katika vijitabu vinavyoitwa PACE, 12 kwa kila somo kwa mwaka. Mtoto husoma mwenyewe, hujaza, hujisahihisha kwa kitabu cha majibu, kisha hufanya mtihani ambao lazima apate angalau asilimia 80 ndipo aende mbele. Mzigo uko kwa kitabu na kwa mtoto, ndiyo maana mama mwenye duka au mwenye mtoto mchanga huupenda. Ukisimama siku tatu kwa matanga, mtoto anarudi kwenye ukurasa uleule na hakuna kilichovunjika. Lakini mtoto asiyesoma Kiingereza bado hawezi kuubeba, na mwaka wa kumfundisha kusoma kwa njia hiyo unamtaka mzazi mzima mzima. Isitoshe umezaliwa Marekani na unatembea na Umarekani wake. Kiswahili hakimo, historia yetu haimo. Ukiutumia, hayo ni yako kuyaongeza. Na muulize mapema mkuu wa chuo au shule unayoiwazia kama watakipokea cheti chake.

Cambridge katika madarasa ya chini una ngazi sita na maelezo mazuri ya kinachotakiwa katika Kiingereza, Hisabati na sayansi. Matayarisho bado ni ya mzazi, isipokuwa ulipe shule ya mtandaoni. Hapo mzigo unahamia kwenye mfuko, na pia kwenye bando. Mtoto wa miaka sita mbele ya skrini saa tatu, anayemwita mama kila sauti inapokatika, hajampunguzia mama kazi. Mimi nisingeuchagua kwa walio chini ya miaka minane.

Halafu kuna njia ambazo si mitaala kamili, ila zimeniokoa. Charlotte Mason, mwalimu Mwingereza aliyefariki mwaka 1923, alisisitiza masomo mafupi kwa watoto wadogo, vitabu vizuri vinavyosomwa kwa sauti, na mtoto kusimulia kwa maneno yake alichosikia. Sisi tuliolelewa kwa paukwa pakawa tunaijua njia hiyo bila kuambiwa. Nasoma kurasa tatu, nafunga kitabu, mkubwa anasimulia, mdogo anamrekebisha. Mikono yangu inaendelea kupinda upindo. Haihitaji stima, wala haihitaji kuandika chochote usiku. Maria Montessori naye, aliyefungua nyumba yake ya watoto Roma mwaka 1907, alitaka mtoto mdogo ashike, amimine, apange, afute. Vifaa vya dukani vya Montessori ni ghali mno, na sioni sababu ya mzazi wa Nairobi kuvinunua wakati kuna maharagwe ya kuchambua na maji ya kumimina.

Maji yalirudi hivyo kwenye masomo. Jumatano sasa imeandikwa "Maji" kwenye ratiba, basi. Mitungi 14 ya lita 20: mdogo anaihesabu, kaka yake anatafuta jumla ya lita, anagawa kwa siku tatu mpaka Jumamosi, anaamua kama zinatosha kufua mapazia. Alikosea wiki ya kwanza, na Ijumaa tukaazima mtungi kwa jirani. Kutoa na kugawanya alivielewa wiki hiyo kuliko mwezi mzima wa kujaza visanduku.

Sitaki nitie chumvi hapa. Si kila kazi ya nyumbani ni somo, na nimeona familia zikijifariji kwamba mtoto anayekwenda sokoni kila siku anasoma Hisabati. Kusoma, kuandika na hesabu za msingi vinataka kukaliwa, kidogo kidogo, karibu kila siku, hata siku ya kliniki. Kanuni yangu ya wiki mbaya ni hii: mambo matatu hayaachwi. Ukurasa mmoja wa kusoma kwa sauti, mistari mitatu ya kuandika, hesabu tano. Dakika 25. Vinafanyika kwenye benchi la hospitali, vinafanyika Kitui chini ya mwembe, vinafanyika baba akiwa msimamizi saa mbili usiku. Mengine yote yanasubiri.

Na usifundishe watoto wawili masomo kumi na manne. Kusoma na Hisabati kila mmoja ana ngazi yake. Hapo huwezi kuwachanganya. Dini, mazingira, hadithi, kuimba na kuchora wanafanya pamoja, mkubwa akitakiwa zaidi na mdogo akiokota anachoweza. Jumba la Makumbusho la Kitaifa, bustani ya miti ya Arboretum, msitu wa Karura: siku moja ya matembezi inawatosha wote wawili kwa mada ya mazingira ya majuma mawili.

Kuhusu kusoma nina msimamo mkali. Anza na Kiswahili. Irabu ni tano, kila moja na sauti yake isiyobadilika, na silabi karibu zote huishia kwa irabu. Mtoto akishika ba be bi bo bu, da de di do du, ana ufunguo wa maneno elfu. Mwanangu alianza na "baba" na "kaka" Februari; Juni alikuwa akinisomea maandishi ya pakiti ya maziwa na mabango ya barabarani tukiwa kwenye matatu. Kiingereza, ambacho kinaandika "though", "tough" na "through" kana kwamba ni ndugu, tulikianza baadaye, akiwa tayari anajiona msomaji. Wazazi wengi wa Nairobi hufanya kinyume kwa kuogopa mtoto kuachwa nyuma katika Kiingereza, na naielewa hofu hiyo. Lakini Kiingereza kimejaa hewani katika jiji hili, kitamfikia. Ujasiri wa kusoma ndio unaochelewa.

Lugha ya kiasili nilikuwa nimeiacha kabisa, kwa sababu mimi si Mkamba na Kikamba changu ni cha salamu. Mama mkwe ndiye aliyeijaza nafasi hiyo. Mwanzoni hakuupenda mpango wetu hata kidogo. Alimuuliza mwanawe mbele yangu, "Hawa watoto hawaendi shule kwa nini? Mmekosa karo?" Niliumia. Lakini lilikuwa swali la haki kutoka kwa mtu aliyeuza mbuzi ili mwanawe asome. Nilimwonyesha daftari za watoto, ukurasa kwa ukurasa, nikamsomea tarehe. Kisha nikamwomba, "Mama, Kikamba siwezi kuwafundisha. Nisaidie." Tangu siku hiyo kila akija kliniki analala siku mbili zaidi, na jioni watoto wanamzunguka susu wao na hadithi za sungura na fisi ambazo sizifahamu nusu. Nilizoea kuziita ziara zake siku zilizopotea.

Kwa wale wasio na nyanya wa kuja, kuna dada anayesaidia nyumbani, kuna baba, kuna shangazi wa Jumapili. Waambie waziwazi unataka nini. Mume wangu hutoka alfajiri na kurudi usiku, na nilimsubiri mwaka mzima ajitolee kabla sijagundua kwamba alidhani ataniharibia mpango. Nilipompa kitu kimoja chenye jina, kusoma usiku na Dini Jumamosi, hakukosa. Dada anayetusaidia alisoma mpaka Kidato cha Nne na mwandiko wake unapita wangu. Yeye ndiye mwalimu wa mwandiko, na tulimwongezea mshahara, kwa sababu kazi imeongezeka. Kama huwezi kuongeza mshahara, usimpe kazi hiyo.

Mtaala wetu wa leo, basi, ni mchanganyiko. Miundo ya KICD ndiyo dira, naifungua mara moja kwa mwezi kuona tumefika wapi, na kila kazi naipima kwa viwango vilevile vya shule: kuzidisha matarajio, kufikia, kukaribia, mbali na matarajio. Kusimulia na masomo mafupi ni vya Mason. Hesabu tunatumia kitabu cha mwanafunzi kilichoidhinishwa, mfululizo mmoja tu, bila kurukaruka, kwa sababu Hisabati ndilo somo linaloniadhibu nikibadilisha kitabu katikati. Tarehe na picha za kazi ziko kwenye faili moja la kila mtoto, maana mwalimu mkuu yeyote nitakayemwendea ataniuliza ushahidi.

Na nitamwendea karibuni. Kifungua mimba anafikisha miaka tisa, na Gredi ya 4 ni Januari. Tumetembelea shule mbili za karibu. Moja ilitaka kumrudisha Gredi ya 2 bila kumpima, nyingine ilimpa kitabu asome na daftari aandike, kisha ikamwita uwanjani acheze na wenzake huku mwalimu akimtazama. Tumechagua hiyo ya pili. Nimeshamshonea sare, ya kwanza kabisa katika orodha ya msimu huu. Mdogo wake ameomba nimshonee yake pia, nami nimemwambia bado ana miaka yangu miwili.